Kutu Iondoke, Alama Zibaki

Kitu kikuukuu kina adui wawili. Wa kwanza ni kutu, ambayo hula polepole usiku na mchana. Wa pili ni mtengenezaji mwenye haraka, naye kwa saa moja huweza kula zaidi ya kutu iliyokula miaka hamsini. Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Kwa ajili ya unyemi huo watu wengi hudhani ya kwamba kukitengeneza kitu ni kukifanya king'ae. Twataka kuonyesha ya kuwa sivyo, na mfano wetu ni bunduki ya kale ya vita.

Bunduki tunayoinena ni ya Waingereza, iitwayo Lee-Enfield, ya namna iliyokubaliwa jeshini mwaka 1907. Uzito wake ni karibu kilo 4, nayo huchukua risasi 10. Askari wa King's African Rifles walichukua mabegani bunduki za ukoo huu, wengine wakafika nazo hata Burma katika vita ya 1939 hadi 1945. Atembeaye Dar es Salaam humwona askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, ameielekeza singe yake upande wa bandari. Shaba yake imefifia kwa jua na mvua, wala hatujasikia mtu akidai apakwe rangi mpya.

Kabla ya yote, sheria. Bunduki si jembe. Asiye na kibali asiitie mkononi. Aliye nacho na afungue komeo, atazame kwa macho na kupapasa kwa kidole, ajue hakika ya kuwa haina risasi. Tena asidhani ya kuwa bunduki iliyopendeza yafaa kupigwa. Neno hilo ni la fundi wa bunduki aliyeruhusiwa na serikali.

Basi tuanze na mti. Mti wa bunduki hizi hasa ni mjozi wa Ulaya, nao umekaa vipande mbalimbali. Atakaye kuufungua sharti auondoe kwanza mti wa mbele, ndipo aguse kitako. Ndani ya kitako mna skrubu ndefu ambayo ncha yake ina pembe nne, nayo imeshikwa na kibamba katika mti wa mbele. Ukiizungusha kabla ya wakati wake, mti hupasuka. Mwenda pole hajikwai.

Uchafu na uondolewe kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, wala usilete randa. Msasa nao uogope. Penye shimo lililobonyezwa, weka kitambaa chenye maji, kisha pasi ya moto juu yake. Mvuke huingia katika nyuzi za mti, nazo hufura na kurudi mahali pake. Walakini penye nyuzi zilizokatwa mvuke hauwezi kitu. Mwisho, paka mafuta ya kitani kwa kiganja cha mkono, kidogo sana, ukayafuta, ukangoja yakauke, ukarudia. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje au vitiwe majini, maana vikikunjwa pamoja huweza kushika moto vyenyewe.

Hapo ndipo penye shauri gumu. Katika nchi yetu mzee mmoja aliyekuwa askari aliacha bunduki ya namna hii, ambayo alikuwa na kibali cha kufukuzia nguruwe shambani. Leo mtutu wake umezibwa na fundi mwenye ruhusa, nayo polisi wanajua mahali ilipo. Mjukuu wake alituletea habari akisema, "Mwalimu, nataka kuipiga msasa hata iwe kama ya dukani." Tukaenda kuitazama. Kwenye kitako palikuwa na herufi zilizochongwa kwa kisu, kubwa na ndogo zimechanganyika, na N moja imegeuka nyuma. Kijana aliziona aibu. Shangazi yake, mtu mzima sana, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, baba alijifunzia kusoma jeshini. Hakutuachia barua wala picha. Mkono wake ni huo tu."

Kijana akanyamaza. Akauliza, "Shangazi, kwa nini hukuniambia?" Akajibiwa, "Hukuuliza. Ulisema wataka ing'ae." Msasa ukarudi mfukoni, mti ukapata mafuta yake, na ile N ingaliko, imegeuka vile vile.

Na chuma je? Kutu nyekundu inayokwanguka ni ugonjwa, wala haifai kuachwa. Paka mafuta, ngoja siku moja au mbili, kisha ukwangue kwa kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, haitakiumiza. Tupa usiilete kabisa, maana juu ya chuma hicho pamegongwa taji, mwaka, na namba. Namba moja hukaa juu ya mtutu, juu ya mtambo, na juu ya komeo. Zikilingana, twajua ya kuwa vyuma hivi vilitoka pamoja. Zikitofautiana, twajua ya kuwa kimoja kilibadilishwa. Tupa ikipita, ushahidi huo umekwisha.

Wala si kila weusi ni uchafu. Kutu nyekundu ikichemshwa katika maji safi hugeuka nyeusi, ikakishika chuma na kuwa vazi lake. Mafundi wa kale walijua jambo hili: walikipaka chuma dawa ya kukitia kutu nyepesi, wakakichemsha, wakakisugua kwa brashi laini, wakarudia mara nyingi hata kikawa cheusi chenye kung'aa kibuluu. Yule aliyekuwa mwizi amefanywa mlinzi. Basi anayesugua weusi huo mpaka chuma kiwe cheupe amekivua nguo, nacho kitashika kutu upesi kuliko kwanza.

Twaona basi ya kuwa kazi hii yataka swali moja mbele ya kila mpapaso: nikiliondoa hili, naweza kulirudisha? Kutu ikirudi, utaiondoa tena. Mafuta yakikauka, utapaka mengine. Lakini herufi ya marehemu na namba ya kiwandani zikienda, zimekwenda. Swali hilo lafaa pia kwa mlango wa kale, kwa ngoma ya ukoo, na kwa daftari la babu lililoliwa na mende pembeni. Kabla hujatwaa msasa, muulize mzee wa nyumba. Huenda anangoja kuulizwa.