Kumsomea Mama

Jumamosi, Machi 1, 2025. Silver Spring, Maryland

Mwezi umeandama. Daku peke yangu: uji, tende, chai. Hapa saa kumi na moja alfajiri, Tanga saa saba mchana. Simu ikaita kabla sijameza. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu, umeshakula? Akanyamaza kidogo, kisha akasema macho yamekataa kabisa sasa, hata msahafu wa herufi kubwa hauoni. Basi nisomee wewe, akasema, kama anayenituma chumvi dukani.

Nikamsomea Alif Lam Mim mpaka robo ya kwanza. Ananisahihisha! Herufi hazioni, lakini nikiikata madda anaisikia yuko Ngamiani.

Jumatano, Machi 5

Bibi wa Bethesda, ninayemhudumia, leo ana majivu kwenye paji la uso. Mchungaji alimfuata nyumbani asubuhi. Kwaresima yao na Ramadhani yetu zimekutana mwaka huu. Akaniuliza nafuturu saa ngapi, akanikataza kupika kitu cha kunukia kabla ya magharibi. Mtu wa umri ule, na bado anafikiria njaa ya mwenzake.

Nikamsomea Zaburi, kama kila jioni. Anataka polepole. Nikimaliza moja anatulia, kisha: rudia pale katikati. Saa nzima tumesoma Zaburi mbili.

Na alfajiri nilikimbizana na juzuu nzima mpaka Mama akasinzia. Najua, khitma kabla ya Idi, ndivyo tulivyolelewa, Baba alikuwa akikhitimu mara mbili. Lakini jioni hii ukiniuliza aya za alfajiri zilisema nini, sina jibu. Zaburi za Bibi ninazo kichwani zote mbili. Linaniuma hili.

Ijumaa, Machi 7

Nimemtoa Farsy kabatini, tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili. Kitabu cha Baba, chapa ya Nairobi, jalada limeachia upande mmoja. Tafsiri nzima ilitoka 1969, Sheikh akiwa ameshakuwa Kadhi Mkuu wa Kenya baada ya kuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar. Maelezo chini ya ukurasa yanaizidi aya yenyewe. Kiswahili cha Unguja, kitamu, hakina haraka. Na penseli ya Baba pembeni: vema, vema, alama ya kuuliza, "muulize Sheikh". Ukurasa mmoja ameandika tu "kweli". Sijui ilikuwa siku gani ile.

Mchana Ijumaa Massachusetts Avenue, msikiti ule uliofunguliwa 1957, Rais Eisenhower mwenyewe akaja akahutubia. Kabla ya hotuba waliokaa karibu nami wote wanasoma simuni. Sioni ubaya, ndivyo ninavyosoma kwenye treni. Ila simu ikitetemeka katikati ya aya, kinachongoja ni aya.

Jumapili, Machi 9

Saa zimesogezwa mbele. Jana tulifuturu saa kumi na mbili na ushei, leo saa moja na ushei, jua ni lile lile. Tanga hawana habari na mambo haya. Sasa wametuzidi saa saba badala ya nane, kwa hiyo nikipiga saa kumi na moja kama mwanzo Mama hajaswali adhuhuri. Tumekubaliana nipige nikishaswali alfajiri. Afadhali hivyo.

Nikamwuliza, Mama, nikusomee na maana? Kimya. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema, sisi chuoni hatukufundishwa maana, Maalim alisema itakuja yenyewe. Mwanamke aliyesoma tangu hajaota meno ya pili! Kimya tena. Haya, soma tuone.

Jumanne, Machi 11

Mapumziko. Nikapanda treni mpaka Union Station, nikatembea hadi Maktaba ya Bunge, jengo la Jefferson. Kitambulisho cha msomaji ni bure, nitamwambia kila mtu. Nyumbani jioni nikafungua tena zile picha za maandishi ya Omar ibn Said, ambazo Maktaba iliziweka mtandaoni 2019.

Mtu wa Futa Toro. Alisoma miaka na miaka kwa masheikh, kisha vita, akauzwa, akashushwa Charleston 1807. Mwaka 1831, bado mtumwa, North Carolina, anaandika maisha yake kwa Kiarabu. Anaanza na nini? Sura ya Tabaraka! Kwa kichwa. Kabla hajasema lolote juu ya nafsi yake. Ufalme uko mikononi mwa nani, hilo kwanza.

Mwandiko ni wa kwao Afrika Magharibi. Fe ina nukta chini, qafu ina nukta moja tu juu. Mistari ya mwanzo nilikwama, kisha mdomo ukaanza kusoma wenyewe, kwa sauti, peke yangu jikoni, futari inapoa. Mbele kidogo anaomba radhi, amesahau mengi, lugha yake na Kiarabu chake. Nikafunga kompyuta nikalia.

Inaandikwa pia kwamba alibatizwa, na Biblia ya Kiarabu alikuwa nayo. Watu wanabishana alikufa akiwa na dini gani. Mimi sitaingia kifuani mwa mtu ambaye hata mwili wake ulikuwa mali ya mwingine. Mungu amjuaye anatosha.

Maktaba hiyohiyo ina Qurani ya Thomas Jefferson, aliyoinunua 1765, ndiyo aliyoapia Keith Ellison alipoingia Bunge Januari 2007. Watu huniuliza habari za Qurani hiyo. Sawa, lakini moyo wangu uko kwa Omar.

Jumapili, Machi 16

Yusuf. Siandiki mengi, mikono inatetemeka.

Kisa anakijua, amekisikia kwenye mawaidha tangu utotoni. Asichokijua ni kwamba ndicho alichokuwa akikisoma. Tukafika Yakub, macho yake yalivyopofuka kwa huzuni ya mwanawe. Nikasita. Soma, akasema. Nikasoma mpaka kanzu ikatupwa usoni pake na akaona. Mama: maneno haya nimeyasoma maisha yangu yote, kumbe ndiyo haya?

Akaniambia nirudie Kiarabu chake. Nikarudia. Naye akawa anasoma pamoja nami, nyuma yangu kidogo, anaegemea kila neno. Sijapata kumsikia akisoma hivyo.

Jumamosi, Machi 22

Hatutakhitimu kabla ya Idi. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Tutaendelea Shawwal, na baada ya Shawwal, haraka ya nini?

Simu sasa inawekwa spika barazani. Nasikia viti vinavutwa, mtoto analia, jogoo. Mwanamke mmoja akauliza kama inajuzu kusoma maana bila ya kumaliza juzuu. Mama akamjibu, kaa usikilize. Mwingine alitaka nirudie maelezo yote ya Farsy tangu juu, nikarudia, nikachelewa basi la Bethesda.

Bibi hakununa. Akataka kujua nimechelewa kwa nini. Nilipomwambia tumekaribia sura ya Maryam akaketi vizuri. Mnaye Mariamu? Tunaye, na sura nzima kwa jina lake. Anataka kuisikia, nimfasirie mwenyewe. Kwa hiyo kesho naisoma Maryam mara mbili, asubuhi Tanga, jioni Bethesda. Nilale sasa. Hapana, kwanza niyapitie maelezo ya Farsy na penseli za Baba, maana wanawake wa barazani nimeshawajua kwa maswali.