Mvinyo wa Bei ya Jembe

Mara ya kwanza kupeleka mvinyo nyumbani Rungwe Mpya, Kasulu, nilimdanganya baba bei. Ilikuwa Krismasi. Nilikuwa nasoma Dodoma, mji ambao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini mvinyo wa pale pale nikauruka, nikanunua wa Afrika Kusini. Lebo tu. Nilitaka waone kijana wao amefika.

"Shilingi ngapi hii?"

Nikataja nusu. Hata hiyo nusu ilikuwa bei ya jembe jipya. Mzee akanyamaza, akaonja funda moja. "Inakausha ulimi," akasema. Kisha akavuta kibuyu chake cha pombe ya ndizi, akanipa mrija.

Pombe ile naijua tangu utotoni: ndizi hufukiwa shimoni ziive, zikakamuliwa kwa majani, juisi ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Tamu, kauchachu kidogo, harufu ya moshi kwa mbali. Ingekuwa na lebo, jamani, ningeisifia ukurasa mzima.

Tangu hapo nina kanuni moja: nanunua mvinyo ambao bei yake naweza kuitaja mbele ya baba. Mwekundu wa Dodoma, chupa moja mwisho wa mwezi, naupoza kwenye ndoo ya maji, tunagawana watu wanne.

Krismasi iliyopita nilimpelekea huo. Akauliza bei. Nikaitaja yote.

Akasogeza kikombe. "Basi ongeza, mwanangu."