Nyumba Ni Yetu, Ardhi Si Yetu

Kama umenifuata tangu mwaka jana, kazi yangu unaijua. Nazunguka Malindi na simu, naingia nyumba za watu, napiga video, madalali wananilipa. "Karibuni wapendwa, leo tuko Casuarina, hebu tuone ndani." Sauti ni hiyo hiyo kila siku.

Sasa kuna video moja niliifuta. Ilikuwa ya nyumba ya bibi yangu. Wengi mliniuliza kwa nini imepotea na nikawajibu kwa utani. Leo nasema ukweli, ingawa mjomba akisoma hapa tutakosana tena.

Lakini kwanza niwaambie nilichojifunza kuhusu wanunuzi, maana hii kazi imenifundisha watu kuliko darasa lolote nililokaa.

Mtaliano anayetafuta nyumba Malindi anauliza upepo. Kweli kabisa. Anasimama kwenye veranda, anafunga macho, anataka kujua kusi ikivuma upepo unaingia wapi. Halafu anauliza dimbwi la kuogelea, paa la makuti limebadilishwa lini, na bahari ni dakika ngapi kwa miguu. Mjanja zaidi anauliza kama ufuo ni wa Watamu au wa mjini, kwa sababu anajua mto Sabaki ukijaa, bahari yetu hapa inageuka rangi ya chai ya maziwa. Na anajua Katiba ya 2010 haimpi mgeni ardhi ya milele. Anapata ya kukodi, mwisho miaka 99. Kwa hivyo swali lake lingine ni miaka mingapi imebaki.

Mtu wa Nairobi anauliza barabara. Gari langu ndogo litafika? Mvua ikinyesha litafika? Halafu anauliza usalama, ukuta, na kama anaweza kuifanya ya wageni wa kulala siku mbili tatu. Anahesabu pesa kabla hajavua viatu.

Mtu wa hapa hapa anauliza maji. Ya mfereji yanakuja siku ngapi kwa wiki, na kisima ni chumvi au la. Mkija na kamera mkimuonyesha taa za kuning'inia na kabati za jikoni, yeye anatafuta tenki liko wapi. Akimaliza maji anauliza majirani.

Na kuna mtu wa nne, ambaye zamani nilikuwa simfikirii sana. Huyo hayuko hapa. Yuko Riyadh, Doha, Muscat, anaangalia video usiku kazi ikiisha. Hawezi kuja kugonga ukuta. Macho yake ni mimi.

Haya. Turudi kwa bibi.

Nyumba yake iko Maweni. Vyumba sita, ukumbi katikati, ukuta wa mawe, paa la mabati, choo na bafu nyuma uani. Aliijenga mwenyewe chumba kwa chumba, kwa pesa ya mahamri na mbaazi za asubuhi. Mimi nilipoacha chuo na kurudi nyumbani na begi moja, hakuna aliyeniuliza maswali mle ndani. Bibi alinionyesha chumba cha pili kushoto, akasema godoro liko, chai iko. Ndimo nilimoanza hizi video.

Sasa magoti yake yamechoka. Shangazi yuko Mnarani, Kilifi, na ana nafasi chini, hakuna ngazi. Familia ikakaa, ikaamua nyumba iuzwe, bibi aende kwa shangazi na pesa ya matibabu iwepo. Nani atapiga video? Mimi bila shaka.

Wallahi nilijitahidi. Nikafagia uwanja, nikasubiri jua la saa kumi lile la dhahabu, nikapiga mlango, ukumbi, mnazi ulio uani. Nikasema vyumba sita, stima ipo, maji ya mfereji yapo, msikiti na shule karibu, laki tisa tu, maelewano yapo. Chini ya dakika moja. Kila nilichosema kilikuwa kweli.

Ambacho sikusema ni kwamba ardhi si yetu.

Kama wewe si wa Pwani, hebu nikueleze. Huku kwetu, Mombasa na Malindi hasa, kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mwingine. Wewe unakubaliana naye, unajenga, halafu unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kuta zako, paa lako, mlango wako. Mchanga wake. Ni mila ya zamani. Hata mnazi huku unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ulipopandwa ikawa na mwenyewe mwingine, na watu wakaishi hivyo bila ugomvi.

Ugomvi uliletwa na karatasi. Huu ukanda ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, halafu Waingereza wakaja, na mwaka 1908 wakatoa sheria ya kuandikisha ardhi ya Pwani. Aliyeweza kuthibitisha madai yake alipata hati. Ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Watu wengi waliokuwa wanalima na kuishi hapo, Wamijikenda na waliokuwa watumwa, wakabaki bila karatasi yoyote. Watoto wao na wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo, au wapangaji wa mchanga kama sisi.

Bibi ana mkebe wa Blue Band umejaa risiti za kodi ya ardhi. Miaka thelathini na kitu ya risiti. Ukizikusanya zote hazitoshi kuwa hati moja.

Siku ya tatu simu ikaingia usiku, namba ya Saudia.

"Kaka, ile nyumba ya Maweni bado iko?"

Ni dada mmoja wa Marafa. Mwaka wa nne yuko huko, kazi za nyumbani. Ana watoto wawili, wanakaa na mama yake chumba cha kukodi hapa mjini, na mwenye nyumba amewahamisha mara mbili tayari. Hakuniuliza upepo. Hakuniuliza barabara wala maji. Aliniambia, "Mimi nataka pahali mama yangu hataambiwa toka." Halafu akasema, "Laki tisa, mjini, na ploti yake? Mungu amenijibu kaka. Naweza kutuma dipositi."

Nikamwambia nitampigia kesho. Hicho ndicho nilichofanya. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Asubuhi nikamwambia mjomba. Akafurahi. Akasema, "Mambo ya ardhi usimwambie sasa hivi. Atume dipositi kwanza. Ndugu zake wakija kuona nyumba wakaipenda, tutawaeleza taratibu. Kwani tumemdanganya? Tangazo linasema nyumba, halisemi kiwanja."

Na mimi nitakuwa mkweli na nyinyi: ilinikaa vizuri kichwani. Kwa sababu mjomba hakukosea maneno. Nilisema nyumba. Na madalali wengi niliofanya nao kazi wangesema hivyo hivyo. Na ni bibi yangu, magoti yake, pesa yake. Huyo dada simjui.

Nikaenda kwa bibi nikitarajia aniambie mjomba yuko sawa. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote. Akanyamaza, akaendelea kutoa mawe. Halafu akauliza, "Huyo mwanamke aliposikia nyumba, wewe ulijua anafikiria nini?"

Nikasema, "Nilijua bibi."

"Basi mpigie."

Nilimpigia saa nne usiku, saa zake za kupumzika. Nikamweleza kila kitu: kodi ya ardhi, mwenye kiwanja amefariki na sasa tunalipa watoto wake, kupandisha ghorofa hawakubali, na siku wakiamua kuuza kiwanja hakuna ajuaye itakuwaje. Simu ikawa kimya mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Mwisho akasema, "Asante kaka. Ningetuma Ijumaa." Akakata.

Nikaifuta video usiku huo huo.

Mjomba hakuniongelesha karibu mwezi. Siwezi kumlaumu kabisa, maana nyumba iliuzwa baadaye kwa laki tano na themanini. Video ya pili niliifanya fupi, sentensi ya kwanza: hii ni nyumba bila ardhi. Watazamaji wachache sana. Lakini aliyenunua, jirani anayeuza samaki wa kukaanga, alikuja akijua la kuuliza. Hakutazama hata ukuta. Aliuliza mwenye ardhi ni nani, warithi wanaelewana au wako kortini, kodi imelipwa mpaka lini, na je, watalikubali jina langu? Tukaenda naye kwa wenye kiwanja, nao wakachukua chao cha kubadilisha jina, karatasi ikaandikwa mbele ya wakili na mashahidi. Yeye amekulia kwenye nyumba bila ardhi. Alijua ananunua nini, na bei ilikuwa ya kitu hicho.

Kwa hivyo nyinyi mnaonitumia ujumbe "bro nataka kununua nyumba Pwani", sikilizeni. Video yangu ni ya kukutamanisha tu. Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza maswali haya:

Nyumba ina ardhi au haina? Uliza kwa maneno hayo hayo.

Kama ina ardhi, nenda au tuma mtu unayemwamini ofisi ya ardhi akaangalie rekodi, ile watu wanaita sachi. Utaona hati ina jina la nani, na kama kuna mkopo wa benki au pingamizi juu yake.

Muuzaji ana mke au mume? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye hati amekufa? Basi warithi wapitie kortini kwanza, hata kama wote wanatabasamu.

Makubaliano yawe ya maandishi, na sahihi, na mashahidi. Sheria yetu haitambui kununua ardhi kwa mdomo. Na weka pesa ya ushuru wa stempu kando, asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani, usije ukashtuka mwisho.

Mimi nimebadilisha kitu kimoja tu. Kila video, kabla hamjaona sebule, nasema hali ya ardhi. Madalali wawili wameacha kunipa kazi. Mmoja aliniambia naharibu soko.

Bibi yuko Mnarani. Asubuhi anakaa nje anaangalia daraja, analalamika mahamri ya shangazi ni magumu. Nyumba ya Maweni nimepita nje mara moja, wamepaka rangi ya samawati. Sikuingia.

Na yule dada wa Riyadh bado ananifuata. Hajanipigia tena, lakini kila nikiweka nyumba, kabla ya mtu mwingine yeyote, anaandika maneno mawili: "Na ardhi?"

Naona sasa hata nyinyi mmeanza kuyaandika. Endeleeni.