Maswali Yaliyochanganywa

Mcheza karata hakubali kugawiwa kabla karata hazijachangwa. Hata kama mgawaji ni ndugu yake wa tumbo moja, atamwambia achange, tena achange mbele ya macho ya wote. Hafanyi hivyo kwa kuwa anamshuku nduguye. Anafanya hivyo ili asilazimike kumshuku. Tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo kwa maneno, lakini katika maisha ni kubwa, nami niliielewa vizuri nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule ya msingi huko Ngenge, wilayani Muleba.

Ngenge si Bukoba mjini. Ni kata ya wakulima na wafugaji, na bondeni watu hulima mpunga kwa maji ya mifereji. Darasani kwangu dawati moja lilikaliwa na watoto watatu, bega kwa bega. Mitihani yetu ilikuwa na maswali mengi ya kuchagua jibu, A, B, C au D, kwa sababu mtihani wa kumaliza darasa la saba nao una maswali mengi ya namna hiyo. Msomaji aliyewahi kukaa watatu kwenye dawati moja anajua kwamba herufi moja iliyozungushiwa duara huonekana hata na asiyetaka kuiona.

Katika mtihani mmoja wa muhula, binti mmoja wa darasa la sita na mvulana mtoto wa mama yake mdogo walipata alama sawa. Hilo peke yake si ajabu. Lakini kila mmoja alikosa maswali kumi na moja kati ya arobaini, na katika manane kati ya hayo walichagua herufi ileile isiyo sahihi. Kikao cha walimu kikasema wameangaliziana. Kwa kuwa mvulana alisifika kwa akili, lawama ikamwangukia binti. Bibi yake alikuja shuleni kwa miguu, akasimama mlangoni akasema, "Waitu mwalimu, mtoto huyu nimemlea mimi. Hajawahi kuchukua cha mtu, hata senene mmoja."

Usiku ule nilipiga hesabu. Swali lenye majibu manne lina majibu matatu yasiyo sahihi. Watu wawili wakikosa swali moja kwa kubahatisha tu, uwezekano wa kuangukia kosa lilelile ni mmoja kati ya matatu. Kwa maswali manane, uwezekano wa kufanana katika yote ni mmoja kati ya 6,561. Mtu angeishia hapo angemhukumu binti yule na kulala usingizi.

Kesho yake niliomba madaftari yao. Katika sehemu zenye asili tofauti, wote wawili walikuwa wakijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata nusu na theluthi zikawa mbili ya tano. Kumbe nyumbani walisoma pamoja kwa taa moja, wakifuata daftari la zamani la kaka yao ambalo njia hiyo ilikuwa imeandikwa kwa wino mzuri kabisa. Waliosoma makosa mamoja hukosa pamoja. Hesabu yangu ya 6,561 ilidhani kwamba kila mtoto hukosa kwa kubahatisha, na watoto hawakosi hivyo. Hukosa kwa sababu, na sababu huweza kuwa ya wawili.

Hata hivyo, daftari lile halikuthibitisha kwamba hawakuangaliziana. Lilionyesha tu kwamba ufanano wa majibu hautoshi kumhukumu mtoto. Kikao kiliwaachia alama zao, lakini jina la mwizi wa majibu likabaki kwa binti. Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tukitafuta haki mahali pasipo pake, baada ya karatasi kukusanywa, wakati tulipaswa kuitengeneza kabla hazijagawiwa.

Jambo hili si la Ngenge peke yake. Mwaka 2011 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 9,000 wa darasa la saba kwa udanganyifu. Mwaka 2018 mtihani huohuo ulifutwa katika shule zote za wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, na katika baadhi ya shule za kwingineko, na watoto wakaurudia mwezi Oktoba. Sina neno la kumlaumu anayefuta; mtihani ulioibwa si mtihani. Lakini nawafikiria watoto waliokuwa wamesoma kweli wakakaa chumba kimoja na walioiba.

Nilikuwa na kompyuta mpakato kuukuu iliyochajiwa kwa umeme wa jua, na ndani yake lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ni lugha isiyo na makuu. Unaandika maswali yako katika faili moja, kisha kwa mistari michache unaiamuru kompyuta iyasome, iyachanganye, iyape namba mpya na kuandika pembeni jedwali la majibu. Ukiirudia mara tatu unapata karatasi tatu zenye maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Kila mtoto wa dawati moja anapata yake.

Namna ya kuchanganya ni ya kale kuliko kompyuta zetu. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza mwaka 1938 kwa ajili ya kalamu na karatasi, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld aliiandika kwa namna inayoifaa kompyuta. Fikiria vipande arobaini vya karatasi vimepangwa mstari. Chagua kimoja kwa bahati nasibu, ukibadilishane nafasi na cha mwisho. Hicho cha mwisho sasa kimefungwa. Katika thelathini na tisa vilivyobaki fanya vilevile, na uendelee hadi mwanzo. Kila mpangilio unaowezekana una nafasi sawa na mwingine, na kwa maswali kumi tu mipangilio hiyo ni 3,628,800.

Mwalimu mwenzangu kijana aliuliza kwa nini nafasi iliyokwisha pita ifungwe. Kwa nini kila kipande kisibadilishwe na chochote katika mstari mzima? Yaonekana ndiko kuchanganya zaidi. Basi tulichukua maswali matatu. Kwa njia yake kuna hatua tatu, kila moja ina machaguo matatu, jumla njia 27. Mipangilio ya vitu vitatu ni sita, na 27 haigawanyiki kwa sita bila kubaki. Kwa hiyo lazima mipangilio mingine ipendelewe. Upendeleo huweza kujificha hata ndani ya kitu kinachoonekana kuwa na nia njema.

Mwingine alipokea karatasi mbili akasema mashine yangu mbovu, kwa kuwa swali la saba lilikuwa la saba kwenye zote mbili. Nilimweleza kwamba bahati nasibu ya kweli haikwepi kitu. Ukichanganya maswali kumi, au arobaini, au elfu moja, kwa wastani moja litabaki mahali pake. Anayehakikisha kwamba hakuna hata moja lililobaki ameshatia mkono wake. Na mkono wa mtu una mazoea. Watoto wetu walikuwa na msemo kwamba usipojua jibu uweke C, na hawakuutoa hewani. Sisi walimu hupenda kulificha jibu la kweli katikati.

Lakini si kila kitu kinafaa kuchanganywa. Maswali matano yanayotegemea habari moja ya kusoma lazima yaandamane na habari yao. Jibu lisemalo "yote hapo juu" likipelekwa juu linakuwa kichekesho. Tena mtoto mwoga akikutana na swali gumu kuliko yote mwanzoni kabisa, anaweza kukata tamaa kabla ya kufika kwenye analolijua. Kwa hiyo niliyagawa maswali katika mafungu matatu, mepesi, ya kati na magumu, nikachanganya ndani ya kila fungu tu. Kompyuta pia hupewa namba ya kuanzia, ambayo kwa lugha yao huitwa mbegu. Ukiirudisha mbegu ileile katika programu ileile, unavuna mpangilio uleule. Niliandika mbegu zangu kwenye daftari, ili jedwali la majibu likipotea niweze kulipata tena.

Neno hilo mbegu lilinifurahisha, kwa sababu asili ya mawazo haya iko shambani. Fisher alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia mwaka 1919, na Yates alimfuata huko mwaka 1931. Swali lao lilikuwa lile la mkulima yeyote wa mpunga Ngenge. Ukiipanda mbegu mpya karibu na mfereji na ya zamani kule maji yanakochelewa, mbegu mpya itashinda, lakini ni nani aliyeshinda, mbegu au maji? Dawa ni kuzipa mbegu vijaruba kwa kura. Kura haisemi kwamba mkulima ni mwongo. Inamwondolea mkulima mzigo wa kuaminiwa kwa neno lake tu.

Mtihani uliofuata tuliufanya kwa karatasi tatu, tulizodurufu Muleba mjini kwa gharama ambayo mkuu wa shule hakuifurahia. Wastani wa darasa ulishuka. Wachache waliozoea kusifiwa walishuka sana, na baadhi ya wazazi walikuja kuuliza mwalimu amewafanya nini watoto wao. Palikuwa na pendekezo la kurudi kwenye karatasi moja, kwa kuwa shule yetu ingeonekana nyuma ya jirani zake wilayani. Niliomba tusirudi. Nilisema alama zilizopotea hazikuwa mali ya mtoto yeyote, na kwamba mtoto asiyejua kujumlisha sehemu ni afadhali tumjue sasa, angali mikononi mwetu, kuliko kumjua siku ya mtihani wa taifa.

Binti yule alipata alama mbili pungufu ya zile za mwanzo. Binamu yake alipata tatu pungufu. Nilipomrudishia karatasi yake aliangalia kwanza, si alama, bali herufi iliyoandikwa juu, kisha akaangalia ya mwenzake. Yake ilikuwa B, ya mwenzake A. Akasema, "Mwalimu, basi hizi ni zangu." Hakusema zaidi, wala sikumwuliza.

Tangu hapo nimewasikia watu wakisema kwamba kuchanganya maswali ni kuwaona watoto wote kuwa wezi. Mimi naona kinyume chake. Ni pale tunapoacha mlango wazi ndipo kila apitaye huwa mshukiwa, na baadaye tunakaa kikao kutafuta nyayo. Mwalimu aliyechanganya mapema anaweza kusahihisha kwa moyo mweupe. Akiona mtoto amefanya vizuri, anaandika alama na kugeuza ukurasa.