Pikipiki Iliyokula Unga wa Nyumba

Mke ndiye aliyeanza kushuku. Katika daftari la shule lililosaliwa na kurasa chache, mama huyo wa Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aliandika kila jioni hesabu ya mumewe mwendesha bodaboda: upande mmoja fedha za abiria, upande wa pili fedha za petroli, au esansi kama waiitavyo watu waliotoka Kongo. Ilikuwa katikati ya mwaka 2022, wakati lita moja ilipovuka shilingi 6,000 nchini Uganda, na kila mtu akiilaumu bei. Lakini bei ilikuwa moja kwa wote. Majirani wenye pikipiki za aina ile ile walimaliza siku kwa lita tatu au pungufu. Mumewe alimaliza nne, na abiria hawakuwa wengi kuliko wa wenzake.

"Baba watoto," alimwambia usiku mmoja, akikung'uta mfuko wa unga uliokwisha kabla ya wakati, "pikipiki hiyo yanywa peke yake, au yuko mtu anywaye pamoja nayo?"

Hapo ugomvi ungeweza kushika njia yake ya kawaida, nao ulikaribia kuishika. Mume alikasirika. Mwaka 2012 alikimbia vita vya Rutshuru bila kitu mkononi. Pikipiki ile, ambayo ilikwisha kupita kwa wenyewe watatu, aliinunua Mbarara kwa akiba na kwa deni. Kuambiwa kwamba fedha zake zinapotelea kwenye kilabu cha pombe, au kwa mwanamke mwingine, kulimchoma. Alijibu kuwa chombo kikizeeka hula sana, basi. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba watapima.

Jumapili iliyofuata waliikausha tangi, wakamimina lita moja iliyopimwa kwa chupa ya maji, mume akatazama mita, akaondoka na lita nyingine begani ya kurudia. Injini ilizimika baada ya kilometa 27. Pikipiki nzima yenye injini ya sisi 100, hata ikibeba abiria, hutarajiwa kupita 40. Mume alirudi kimya. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuna mtu aliyekuwa akinywa, na ilikuwa dhahiri vile vile kwamba mkewe hakukosea hesabu.

Fundi waliyemwendea alikuwa mzee kutoka Burundi, afanyaye kazi chini ya mti karibu na soko. Hakuigusa kabureta kwanza, jambo ambalo mafundi wengi vijana wangelifanya. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono; lilizunguka mara moja na nusu likasimama. Breki ilikuwa imekazwa mno, ikilishika gurudumu mchana kutwa. Mnyororo nao ulikuwa mkavu, umevutwa kama uzi wa gitaa, nao hupasa kucheza sentimeta mbili hadi tatu katikati. Tairi zilikuwa na upepo mdogo, maana mwenyewe alipenda zilainike kwenye mashimo.

Kisha mzee alifungua plagi. Ncha yake ilikuwa na masizi meusi, makavu. "Mwanangu," alisema, "hii yakuambia kwamba petroli ni nyingi na hewa ni haba. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya udongo mkavu." Sponji ya kuchuja hewa, ilipotolewa, ilitoa vumbi jekundu la kiangazi chote. Waya wa choki ulikuwa na kutu na haukurudi hadi mwisho, kwa hiyo injini ilikunywa mchana kutwa kama ilivyokunywa asubuhi ya baridi.

Lakini mwizi mkuu alikuwa mdogo kuliko punje ya mahindi. Ndani ya kabureta mna jeti, kipande cha shaba nyeupe chenye tundu jembamba lipitishalo petroli. Kila ilipoziba, mume aliizibua kwa waya wa chuma. Shaba ni laini kuliko chuma; tundu lilizidi kupanuka kidogo kidogo, na kila alipodhani anaisafisha, aliifundisha ulafi. Mzee alimweleza kwamba jeti huzibuliwa kwa kupulizwa, au kwa unywele wa brashi ya nailoni.

Mume aliuliza kama haitafaa kuitupa sponji kabisa ili hewa iingie kwa wingi. Swali hili huulizwa sana, na wako wanaofanya hivyo. Mzee alikataa: vumbi la barabara hizi likiingia kwenye silinda litazila ringi, na atakachookoa kwenye petroli atakilipa mara nyingi kwa kufungua injini. Sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke kivulini, itiwe matone machache ya oili. Alimkataza pia kuzima injini kwenye miteremko, kwani mwenye kufanya hivyo huachiwa breki peke yake azuie mzigo wote.

Jeti mpya, plagi na waya wa choki vilipatikana Mbarara kwa bei iliyomfanya mume acheke kwa uchungu. Walipopima tena, lita moja ilikwenda kilometa 41. Kwa kilometa 110 alizozoea kwenda kwa siku, petroli ilishuka kutoka lita nne hadi chini ya tatu, nafuu ya zaidi ya shilingi 8,000 kwa bei ya siku zile. Siku ya kwanza mama aliandika tarakimu hiyo mara mbili, ya pili kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na mgao wa wengi ukapungua, daftari lile lilikuwa limekwisha, na jingine limeanza. Jeti ya zamani ingali katika kikopo cha sindano na vifungo. Mume amemwomba mara kadhaa aitupe, na kila mara mkewe humwambia kwamba bado hajamwomba radhi vizuri kwa maneno ya usiku ule, basi ikae hapo hadi atakapomwomba.