Saa Alizopewa Mama, Saa Nilizozinunua

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na watoto wanne, na kitabu chake cha kwanza kilihusu pamba. Sisi wa Magu tulikuwa watu wa pamba, na waliotunga masomo yale walitaka mkulima ajue herufi na kazi yake kwa pamoja: lini apande, apalilie vipi, dawa ainyunyize wakati gani. Ulikuwa mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Upande wa Bukoba walisomea migomba, wafugaji wakasomea ng'ombe, wavuvi wakasomea samaki. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, vitabu vya aina hiyo vikasambaa, na nchi nzima ikaingia katika kile tulichokiita kisomo.

Mimi nilikuwa kitinda mimba, kwa hiyo nilikwenda kisomoni mgongoni kabla sijakwenda kwa miguu. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, rika la watoto wa wanafunzi wake, na wao walimwita mwalimu kwa heshima zote. Jambo ninalolikumbuka kuliko herufi zenyewe ni jinsi saa ya kisomo ilivyoheshimiwa. Balozi wa nyumba kumi alipita alasiri akiuliza nani hajatoka. Bibi alibaki na watoto wakubwa. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kuingia jikoni, alisubiri chakula hadi mama arudi, na hakunung'unika, maana waume wote wa kijiji walikuwa wanasubiri. Mjini nako, agizo la Waziri Mkuu Kawawa la mwaka 1973 lilizitaka sehemu za kazi zitenge muda wa masomo kwa wafanyakazi. Mtu mzima aliyetaka kusoma hakulazimika kuiba muda. Alipewa.

Mama alifika hatua ya nne, ya juu kabisa katika mtihani wa taifa wa kisomo. Msimu uliofuata alisimama mbele ya mizani ya pamba, akasoma kilo zake mwenyewe, kisha akaomba stakabadhi na kuisoma kwa sauti. Karani alikuwa ameandika pungufu. Akaifuta, akaandika upya. Tangu siku hiyo wanawake wa jirani walimwita aje nao mizanini, na kikundi chao kilipoanzishwa yeye ndiye aliyeshika daftari la fedha.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1984. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, sikuchaguliwa, nikaenda Mwanza mjini kujifunza cherehani. Nilishona sare za shule za watoto wa watu kwa miaka mingi, nikaolewa, nikazaa. Kazi ile niliipenda na bado naiheshimu. Lakini kila nafasi iliyotangazwa katani ilidai cheti cha kidato cha nne, na nilichoka kuwashonea wengine sare ya mahali ambapo mimi sijafika.

Nikaanza QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ule unaomwezesha aliyeishia darasa la saba kuvuka hadi mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo ndipo nilipoona nchi imebadilika. Hakuna balozi aliyepita kuniuliza kama nimetoka. Twisheni ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo wateja wanakuja kuchukua nguo zao. Nikifunga mapema napoteza wateja, nikichelewa napoteza somo. Nilimlipa binti wa jirani akae na watoto, nikalipa ada, nikalipa nauli. Kila saa niliyosoma niliinunua. Mume wangu alipoona hesabu haitoshi, akaanza kupika ugali wa jioni mwenyewe. Ndugu zake walisema mengi. Aliwajibu kwamba anayesoma ni mke wake, na watakaofaidi ni watoto wake.

Kilichonitesa zaidi ni lugha. Tulisoma msingi kwa Kiswahili, na sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mtoto hupewa miaka ya kuvuka daraja hilo. Mtu mzima anatakiwa avuke kwa usiku kadhaa tu. Nilijua mwili ulivyo, nimezaa, nimeuguza, lakini sikujua kuutaja kwa lugha ya mtihani. Hesabu zilinifungukia kwa njia nyingine. Sehemu nilizielewa kwenye futi kamba, kwa sababu robo, nusu na moja ya nane nilikuwa nazikata kwa mkasi kila siku. Mwalimu wetu wa twisheni alipoligundua hilo, akaniomba niwafundishe wenzangu sehemu kwa kutumia kitambaa. Mle darasani walikuwemo makondakta, mama lishe, askari wa ulinzi wa usiku na wasichana wa kazi za ndani, na kila mmoja alikuwa na hisabati yake aliyoijua bila kuambiwa ni hisabati.

Nilifaulu, nikasoma chuo cha maendeleo ya jamii, nikaajiriwa katika kata. Sasa ninakutana na kina mama wa vikundi ambao wengine hutia dole gumba kwenye fomu za mkopo. Mtihani wa kisomo wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wako chini ya asilimia kumi. Sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui. Posho za walimu wa kisomo zilikauka, mafuta ya karabai yakakosekana, madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Watu hawakupoteza akili wala hamu. Walipoteza saa.

Kwa hiyo maneno yangu ni kwa wewe mwenye duka, mwenye gereji, mwenye hoteli, na hasa wewe mwenye msichana wa kazi nyumbani. Muulize aliishia darasa la ngapi. Akisema anataka QT, mruhusu atoke saa kumi, na usimkate mshahara. Chakula cha jioni kitapikwa na mwingine.