Kuganda Kabla ya Barafu

Tuliokulia pwani kabla ya friji kuenea majumbani tulilijua neno "kuganda" bila barafu. Maziwa yaliganda kibuyuni yakawa mtindi, damu iliganda kidondani, na mafuta ya nazi, ambayo huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, yaliganda chupani asubuhi za kipupwe hata yakabidi kuanikwa juani ndipo yamiminike. Ukoko nao uliganda chini ya sufuria, na kupe aliganda sikioni mwa ng'ombe. Friji zilipoingia, maji nayo yakaganda, na wengi wakazoea kuhesabu kuganda kuwa kazi ya baridi. Siku hizi simu inaganda, na picha ya runinga inaganda mpira ukiwa bado hewani.

Wapo wanaosema matumizi haya mapya ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sikatai kwamba kompyuta zilikuja na msamiati wake. Lakini tuangalie ya zamani. Maziwa huganda kwa uchachu unaokusanya protini zake. Damu huganda kwa nyuzi za fibrini zinazonasa chembe zake. Mafuta huganda kwa baridi. Sababu ni tatu, neno ni lile lile. Wala ugumu peke yake hautoshi: tofali la udongo likianikwa juani tunasema limekauka, hatusemi limeganda. Kupe naye si kimiminika. Ameganda kwa kuwa habanduki, na kumtoa ni kumgandua. Kiini cha neno, basi, ni kukoma kwenda na kushikilia pale pale. Simu isiyosikia kidole imetimiza sharti hilo, sawa na mtu mwenye mawazo mgando.

Mwalimu wa sayansi atauliza kama maana nyingi hivi hazimchanganyi mwanafunzi. Hazimchanganyi akielezwa kinachoganda na kinachosababisha: maji safi huganda kwenye nyuzi 0, damu huganda mwilini penye nyuzi 37. Kinachomchanganya ni kufundishwa kwamba kuganda ni baridi, kisha akutane na damu. Kwa hiyo watunga kamusi na vitabu vya shule watangulize maana ya kukoma na kushikamana, baridi waitaje kuwa sababu mojawapo tu.